Mbigili, Fundi na Tairi Lisilo na Tyubu

Wengi hutumia ukurasa huu wa maoni kuzungumzia sare, chakula cha mchana na simu za mkononi. Mimi leo sina sare wala simu. Nina baiskeli. Na maoni yangu nayatoa mapema, ili asiyeyataka afungue kurasa za vitendawili: sisi wa Voi na viunga vyake tunaokuja shuleni kwa baiskeli ndio hasa tunaofaa kutumia matairi yasiyo na tyubu, hata kuliko hao Wazungu waliyoyatengeneza. Najua wapo watakaocheka. Wacheke, lakini wasome kwanza.

Kwetu ni kilomita tisa kutoka hapa, sita za lami kwenye barabara ya Mwatate na tatu za udongo mwekundu. Anayeijua njia hiyo anaujua pia mmea uitwao mbigili. Hutambaa chini kando ya barabara na maua yake ni madogo, ya manjano, ya kupendeza kabisa. Mvua ikikatika unakauka, unaacha vitunda vyenye pembe ngumu kama chuma. Kitunda kile kikianguka, hata ukigeuze vipi, lazima mwiba mmoja utazame juu. Utadhani kiliumbwa makusudi kwa ajili ya baiskeli yangu.

Baiskeli yenyewe ni ya resi, ya mtumba. Mjomba aliinunua Mombasa, akaniletea nilipoingia kidato cha pili. Ni nyepesi, ina usukani wa pembe za kondoo, na kwenye lami inakwenda mpaka machozi yanatoka. Lakini muhula wa kwanza mwaka huu nilipata pancha kumi na nne. Sibahatishi, nilikuwa nikiziandika nyuma ya daftari la hesabu. Kiraka kimoja ni shilingi 50, zidisha mwenyewe. Baba alizitoa hizo 700 huku akinung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika.

Hata hivyo pesa si neno. Neno ni saa. Siku ya mtihani wa hesabu niliingia darasani wenzangu wakiwa wameshafika swali la sita, mikono yangu myeusi kwa uchafu wa mnyororo. Mwalimu wa zamu hakuuliza kama ni mbigili au ni usingizi. Lango likifungwa limefungwa.

Tena hiyo ni asubuhi. Jioni ni habari nyingine. Mwezi wa Julai tulichelewa kutoka kwa sababu ya mazoezi ya tamasha la muziki, na nilipoiacha lami jua lilikuwa limeshazama. Gurudumu la nyuma likaisha upepo. Nikaanza kusukuma. Nilipofika penye bonde nikasikia matawi yanavunjika, taratibu, kama mtu anayepasua kuni bila haraka. Anayeishi jirani na Tsavo hahitaji kuambiwa hao ni akina nani. Nyuma yangu akaja mwendesha bodaboda, akazima injini na taa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, simama hapo hapo, usikimbie." Tulisimama. Sijui ni dakika ngapi. Tembo watatu walivuka mbele yetu, na mdogo wao nyuma, wakaingia upande wa pili. Baiskeli nilikuwa nimeishika kwa nguvu hata kesho yake viganja viliniuma.

Baba aliposikia akasema baiskeli basi. Nauli ya bodaboda kila siku hatuna. Shule ya bweni ndiyo kabisa. Shangazi anakaa karibu na stesheni lakini chumba chake ni kimoja na watoto wanne. Kwa hiyo, msomaji, ninapoandika juu ya tairi usidhani nazungumzia starehe. Nilikuwa nazungumzia kama nitamaliza kidato cha tatu au la.

Aliyeniokoa ni maandishi. Nikiwa nimekaa kwa fundi pale stejini, yeye akitafuta tundu ndani ya karai la maji, nikawa nasoma ubavuni mwa tairi kama vile mtu anavyosoma karatasi iliyofungiwa mandazi. Kulikuwa na maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba tairi lile liko tayari kutumika bila tyubu. Nikageuza rimu. Nayo ina maneno yale yale. Mwaka mzima tulikuwa tukiitia tyubu baiskeli isiyoihitaji!

Fundi alikataa. Yeye huyaita matairi hayo "tyubulesi" (mlezi wa chama chetu atanisamehe, neno ni lake), na alisema, "Mwanangu, hiyo ni mambo ya gari. Baiskeli bila tyubu ni kama chai bila maji." Nikamjibu kwamba hata gari lilikuwa na tyubu zamani. John Boyd Dunlop alipomtengenezea mwanawe tairi la upepo kule Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, halikuwa la gari, lilikuwa la baiskeli ya magurudumu matatu. Magari yakaiga, kisha Marekani katika miaka ya 1950 yakaanza kuiacha tyubu. Baiskeli za milimani zikafuata mwaka 1999, na zile za barabarani baadaye kidogo. Matatu inayokupita ukisukuma baiskeli yako yenye pancha haina tyubu. Hata pikipiki nyingine hazina. Kwa nini sisi wa miguu miwili tu ndio tuapishwe kwamba hatutaiacha?

Mjomba alituma vifaa kwa basi: utepe, vali mbili na chupa ya dawa. Wacha nieleze inavyofanya kazi, kwa maana wengi wanabisha bila kujua. Utepe huzungushwa ndani ya rimu ukaziba matundu yote ya spoku. Vali hukazwa kwenye rimu yenyewe. Tairi linavalishwa, na kabla halijaingia lote unamwaga ndani dawa nyeupe, kama mililita 40 kwa tairi la milimita 28 kama langu. Dawa hiyo aghalabu ni utomvu wa mpira. Uliyewahi kukata tawi la mnyaa ukaona maziwa yanatoka kisha yanaganda, umeshaelewa. Mwiba ukiingia, upepo unaotoroka huisukuma dawa hadi kwenye tundu, inaganda pale pale, nawe unaendelea kukanyaga pedali.

Kazi ngumu ni kuliweka tairi mahali pake. Pampu ya mkono ilishindwa kabisa, maana upepo ulikuwa unatoka haraka kuliko tulivyoutia. Tulikwenda kwenye kituo cha petroli, fundi akapaka maji ya sabuni, kompresa ikapiga. Pa! Pa! Kingo za tairi zikakaa kwenye rimu. Fundi akaruka nyuma, watu wakadhani limepasuka. Mimi nilicheka peke yangu.

Tangu muhula wa tatu ufunguliwe hadi ninapoandika haya ni wiki nane. Sijasimama njiani hata mara moja. Katikati ya muhula nililivua tairi la nyuma kwa udadisi tu (kosa, kwa sababu ilibidi kurudi tena kwa kompresa) nikahesabu miba kumi na saba iliyokuwa imetoboa hadi ndani. Kumi na saba! Kwa tyubu hizo zingekuwa safari kumi na saba kwa fundi, au kumi na saba za kusukuma gizani. Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa kati ya rimu na jiwe, naweza kuendesha na upepo mdogo zaidi, na zile kilomita tatu za udongo hazinitikisi meno kama zamani.

Sasa wenye kubisha wana hoja, nami sitazificha. Kwanza bei. Vifaa vyote vilimgharimu mjomba shilingi 3,200, ambazo ni zaidi ya viraka vyangu vya mwaka mzima. Mwaka wa kwanza mtu hapati faida ya pesa, asidanganywe. Pili, dawa hukauka. Baada ya miezi michache, na kwa joto letu hili mapema zaidi, inageuka kuwa utando mkavu usioziba kitu, na mwenye tairi akisahau kuongeza atarudi palepale. Tatu, kipande cha chupa kikipasua tundu kubwa, dawa haitaliziba. Hapo unahitaji kile kikamba cha mpira kinachotumiwa kwa pikipiki, kile chembamba, au urudishe tyubu. Mimi bado nabeba tyubu moja chini ya kiti. Lakini angalia, ukitaka kuitia tyubu hiyo, ng'oa kwanza miba yote iliyojificha kwenye tairi, la sivyo utaitoboa mara kumi kabla hujapanda.

Tena si kila baiskeli. Ndugu zangu wenye Black Mamba, tafadhali msije mkasema ni mimi niliyewaponza. Rimu zile na matairi yale hayakutengenezwa kushikana bila tyubu, na kulazimisha ni kutafuta kuvunjika shingo. Hata wakubwa hupatwa. Februari 2024, katika mashindano ya UAE Tour, tairi la Mbelgiji Thomas De Gendt lilichomoka kwenye rimu akaanguka, mabishano yakazuka dunia nzima kuhusu rimu zisizo na kingo za ndani za kulishika tairi. Rimu za aina hiyo zina kikomo cha upepo, paundi 72 au 73 hivi, na anayezidisha anajitakia. Soma maandishi ya tairi na ya rimu, yote mawili. Yasipokubaliana, acha.

Hoja iliyonichoma ni ya fundi mwenyewe. Alisema akinitazama, "Wote mkifanya hivi, mimi nitakula nini?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Ni kweli viraka vyangu vilikuwa sukari ya nyumbani kwake. Lakini ni yeye aliyejifunza kuzungusha utepe bila kukunja, ni yeye anayejua kompresa ipi ina nguvu, na tayari kuna mwalimu mmoja aliyemletea baiskeli yake afanye vile vile, akamlipa shilingi 300. Viraka sita kwa mkupuo mmoja. Sisemi itamtosha. Nasema tu kwamba hasira yake imepungua, na juzi alinikopesha spana bila kuombwa mara mbili.

Baba naye hajasema lolote juu ya baiskeli tangu Septemba. Kwa baba yangu, hiyo ni ruhusa.

Dawa yangu itakauka karibu na Krismasi. Tuko watatu hapa shuleni wenye rimu zinazokubali, na tumeamua kuchanga tununue chupa moja kubwa kutoka Mombasa, kwa maana ndogo ndogo ni ghali. Mwenye rimu kama hizo anione chini ya mwarobaini, Ijumaa baada ya mkutano wa chama. Aje na baiskeli yenyewe, tusome maandishi kwanza.