KAZI ZA MIKONO: MOTOKAA YA WAYA



Siku za likizo, mtoto asiye na kazi mikononi huwachosha wazazi wake. Leo basi tutengeneze motokaa ya waya, ambayo watoto wa Afrika huiunda kwa vitu vilivyotupwa. Huko Malawi huitwa galimoto, jina lile lile la motokaa ya kweli.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: waya mnene unaokunjika kwa koleo, mita 4, waya mwembamba wa kufungia, sandali kuukuu za mpira, na kopo tupu la samaki.

Kwanza, kunjeni waya mnene uwe na pembe nne, urefu sentimeta 30 na upana sentimeta 14, mkafunge ncha zake pamoja. Huo ndio msingi.

Pili, kateni katika sandali magurudumu 4, kila moja upana wa sentimeta 5, mkayatoboe katikati kwa msumari. Chini ya msingi, upande wa nyuma, fungeni vipete viwili vya waya, mkapitishe humo ekseli ya sentimeta 20. Vikeni gurudumu kila upande, kisha kunjeni ncha, lisichomoke. Ekseli ya mbele ni kama hiyo, ila isifungwe bado.

Tatu, usukani, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Fungeni kipete kimoja katikati ya ukingo wa mbele. Nyuma yake kidogo simamisheni upinde mdogo wa waya, wenye kipete cha pili juu yake. Pitisheni waya wa mita 1 na nusu katika vipete vyote viwili, ulale kuelekea nyuma. Ncha ya chini ifungwe imara sana katikati ya ekseli ya mbele. Ikilegea, mtageuza usukani na magurudumu yatabaki pale pale. Chini ya kipete cha ukingo zungusheni waya mwembamba uwe kifundo, ili msingi ukalie hapo usiteleze. Ncha ya juu ikunjwe duara, ifikie kiuno cha dereva.

Mwisho, fungeni kopo juu ya msingi liwe sanduku la mizigo. Kingo zake kali zikunjwe ndani kwa koleo.

Sasa tunasema na wazazi. Salamabila ni mahali pa dhahabu, na mtoto atafutaye waya na makopo hufika hata penye mashimo na penye kuoshea mchanga. Katika sehemu nyingi za dunia wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, madini ya majimaji yanayong'aa kama fedha. Mtoto akiona kinachong'aa atataka kukichezea. Kumbe zebaki hutoa mvuke usioonekana, hasa ikichomwa, nao huharibu ubongo na figo; mtoto huumia upesi kuliko mtu mzima. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, yalitokea mambo ya kutisha: mawe ya dhahabu yaliyopondwa karibu na nyumba yalikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likaua watoto wapatao 400. Wengi wao hawakupata kuingia shimoni. Vumbi liliwafuata nyumbani.

Kwa hiyo, chupa au kopo lililotoka penye kuoshea dhahabu lisiguswe, hata likisafishwa. Betri ya motokaa isivunjwe, maana ina risasi na asidi. Betri ya tochi nayo isipasuliwe. Waya wa umeme au wa uzio wa mtu usikatwe. Kopo litoke jikoni kwenu, na sandali ziwe zenu wenyewe.

Motokaa ikivuta upande mmoja, msiitupe: pimeni kama ekseli mbili zalingana. Kosa hilo hurekebishwa kwa koleo, na dereva atajifunza hesabu bila kuitwa darasani.