Siku 7 au 14? Mama ana haki ya kujua

Jamani, leo tuongee kitu ambacho kambini kinasemwa kwa kunong'ona: fistula. Mama anashikwa na uchungu siku mbili, tatu, mtoto hatoki, na hospitali iko mbali au njia imefungwa na vita. Mwisho anabaki na tundu kati ya kibofu na uke, mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Watu wanamkimbia. Na kumbe tiba ipo: upasuaji.

Baada ya upasuaji mama anawekewa mpira wa mkojo ili kibofu kikae kitupu na mshono upone. Kwa miaka mingi kila hospitali ilikuwa na desturi yake, na siku 14 zilikuwa za kawaida. Watafiti wakauliza: siku 7 hazitoshi? Wakapima katika hospitali 8 za nchi 8 za Afrika, Congo, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wamama wenye fistula isiyo ngumu. Nani akae na mpira siku ngapi iliamuliwa kwa kura. Majibu yalitoka 2015: kwa siku 7, mshono ulifumuka kwa wamama 10 kati ya 250, kwa siku 14, wamama 8 kati ya 251. Karibu sawa. 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri siku 7 hadi 10 kwa fistula isiyo ngumu.

Kwetu wiki moja si kitu kidogo. Nani atapanga foleni ya mgao? Nani atalala na watoto? Mama akisikia wiki mbili anaweza kusema, "Niacheni tu."

Hatusemi kila mtu atoke siku ya 7. Fistula ngumu ina hesabu yake, na daktari ndiye anayeuona mshono. Tunasema hivi: ukweli huu ulipatikana kwenye miili ya wamama kama wetu, basi urudi kwao, kwa lugha wanayoielewa, kabla hawajaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali.

Ndugu zetu wa mashirika, mnapompa mama rufaa, mwambieni ni siku ngapi na kwa nini. Pangeni nani atachukua mgao wake. Na akiruhusiwa, gari liwepo. Wiki aliyookoa isiishie kwenye kusubiri usafiri.

Na sisi vijana tunaoweza kutafsiri, mama akitaka, twende naye tuulize: "Kwa huyu mama, mpira siku ngapi? Kwa nini?" Kuuliza si kumvunjia daktari heshima.