Maji ya Barabara na Shamba la Jirani



Uwanda wetu wa Ufipa hupata mvua zake karibu zote katika msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili. Mvua hizo ndizo zitupazo mahindi, maharage na ulezi. Na ndizo hizo hizo zichimbazo makorongo katika mashamba. Mwenye shamba lililokatwa na korongo akilalamika, mara nyingi huambiwa kwamba mvua ni kazi ya Mungu, hivyo hana wa kumdai. Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Mvua huwanyeshea wote, lakini maji yakikusanywa na kutolewa kwa mdomo mmoja juu ya shamba la mtu mmoja, hapo pana mwanadamu aliyeamua. Tena mara nyingi uamuzi huo ulitokana na hesabu iliyopigwa mbali na Mpui.

Hesabu yenyewe si fumbo, na yafaa kila mwanakijiji aielewe. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya hekta moja huleta lita 100,000, yaani madebe 5,000 ya lita 20. Mhandisi atakaye kujua upana wa kalavati huzidisha mambo matatu: ukubwa wa eneo linalokusanya maji, ukali wa mvua kwa saa, na ile sehemu ya mvua itakayotiririka bila kunywewa na udongo. Eneo hupimwa kwenye ramani. Ukali wa mvua hutafutwa katika kumbukumbu za vituo vya hali ya hewa. Sehemu ya tatu kwa kawaida huchaguliwa kutoka katika jedwali, na hapo ndipo penye shaka yetu.

Kwa nini tuna shaka? Katika miaka ya 1930 watafiti wa Mpwapwa walitenga vipande vya ardhi vilivyo jirani wakapima maji yaliyotoka katika kila kimoja. Kipande kilichoachwa uchi kilipoteza takriban nusu ya mvua yote. Kipande kilichofunikwa na vichaka kilipoteza chini ya sehemu moja katika mia. Mvua ilikuwa ile ile na mteremko ule ule. Mwenye kuchagua namba katika jedwali pasipo kuuona uso wa shamba aweza basi kukosea kwa kiasi kikubwa mno.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada, na tangu mwaka 2014 ramani hiyo, yenye miraba ya takriban mita 30 kwa 30, hutolewa bure kwa Afrika nzima. Ni hazina kubwa, nasi hatuidharau. Kwa ramani hiyo kijana mwenye kompyuta aweza kuonyesha maji ya upande huu yakiteremka kwenda Ziwa Rukwa, ambalo halina mto utokao, na ya upande ule yakishika njia ya mto Kalambo kwenda Ziwa Tanganyika. Lakini kila mraba una kimo kimoja tu. Ndani ya mita za mraba 900 hakuna tuta, hakuna shimo, hakuna njia ya ng'ombe; pote ni sawa kama meza.

Tena kuna jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi. Kabla ya kuchora mikondo, programu nyingi za namna hii huanza kwa kuyajaza mashimo yote yaliyomo katika ramani, ili maji yasikwame njiani. Kwa mtaalamu hatua hiyo ni ya kusafisha makosa ya vipimo, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa mkulima wa Ufipa, shimo ndilo shamba lenyewe.

Wazee wetu walilima kwa intumba. Mvua zilipokaribia kwisha na ardhi ikiwa bado laini, walikata majani na kuyafukia chini ya udongo kwa jembe la mkono, wakafanya vilima vya duara vilivyotapakaa shamba zima. Majani yalioza humo ndani, na msimu uliofuata vilima vilibomolewa, udongo ukatandazwa na ulezi ukapandwa. Watu husifu mbolea ya kilimo hicho, nasi twaongeza sifa ya mabonde madogo yaliyobaki kati ya kilima na kilima. Tuseme mabonde hayo, yakigawanywa juu ya shamba zima, yanaweza kushika kina cha milimita 15. Mvua ya milimita 10 haitoki shambani hata tone. Ikinyesha milimita 40, maji huanza kwa kujaza bonde moja moja, kisha bonde lililojaa humwagia la jirani, na ghafla mabonde yote huwa yameungana na shamba zima likatiririka. Basi maji hayaongezeki polepole kulingana na mvua. Husubiri, kisha huja kwa pamoja. Modeli isiyo na mabonde hayo haiwezi kulitabiri jambo hilo.

Leo mashamba mengi yamekatuliwa kwa plau, nayo matuta marefu yamechukua nafasi ya vilima. Tuta refu likikingama na mteremko hushika maji. Likifuata mteremko huwa mfereji. Jedwali huandika neno moja tu kwa yote mawili: mahindi.

Wapo watakaosema kwamba tunawapinga wataalamu. La hasha. Tunakumbuka tu yaliyotokea Uluguru mwaka 1955, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuuhifadhi udongo. Kazi ilikuwa nzito, tena katika sehemu nyingi udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu. Watu wakakataa, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Huko Mbinga, Wamatengo waliendelea na ngoro zao, mashimo yanayopangwa juu ya miteremko mikali kushika maji na udongo, na wataalamu waliokwenda kuyachunguza baadaye waliyasifu.

Barabara ni neema, nasi twazihitaji zaidi. Hata hivyo tuta la barabara hufanya kazi ya boma: maji yaliyokuwa yamesambaa kwa upana wa mita mia huzuiwa, huongozwa mtaroni, kisha hutolewa kwa kalavati moja. Aliye chini ya kalavati hupokea maji ya majirani zake wote. Kwa kawaida huyo si mtu mwenye sauti katika mkutano. Mara nyingi ni mjane, au kijana aliyegawiwa kipande kilichobaki.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Kabla ya kalavati kuwekwa, au mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kupitishwa, ramani ya mikondo ibandikwe ofisi ya kijiji na isomwe katika mkutano mkuu. Mwenye shamba lililo chini ya mdomo wa kalavati aitwe kwa jina, aulizwe, na jibu lake liandikwe. Mhandisi atembee eneo hilo mvua ikinyesha, akiongozana na wachunga ng'ombe, ambao wazijua njia za maji kuliko sisi sote. Na gharama ya kuyafikisha maji mtoni salama iingizwe katika bajeti ya barabara yenyewe, asiachiwe mwenye shamba.

Kwa upande wetu, kila kitongoji chaweza kuweka kipima mvua na kuandika daftarini, baada ya kila mvua kubwa, ni milimita ngapi zilizonyesha na ni mahali gani maji yalianza kutiririka. Daftari la msimu mmoja litampa mhandisi namba ambayo jedwali lake halina. Mvua za kwanza zatazamiwa Novemba, na daftari lapaswa kuwa tayari kabla ya hapo.