Mjukuu Asiye na Kazi na Bibi Aliyepooza

Mzee anapopata kiharusi na kuruhusiwa kutoka hospitali, swali la kwanza nyumbani huwa ni nani atakaa naye. Watoto wake wana ajira, wengine wako mikoa ya mbali na wana miji yao. Macho humgeukia mjukuu mmoja: yule aliyemaliza kidato cha nne akakosa nafasi ya kuendelea, akauza vocha, akaendesha bodaboda ya mtu hadi mwenyewe akaichukua, na sasa anashinda kijiweni. Uamuzi hutolewa kwa wepesi: "Si huna kazi? Nenda kakae na bibi." Kazi ngumu kuliko zote za nyumbani hukabidhiwa hivyo kwa mtu ambaye ukoo umekwisha kumhesabu kuwa hana mbele wala nyuma.

Nyumba zenye wagonjwa wa namna hii ni nyingi, hasa mijini. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 vijijini wilayani Hai na jijini Dar es Salaam ulikuta kiwango cha watu wanaopata kiharusi Dar es Salaam kikikaribia mara tatu ya kile cha Hai. Wengi huangushwa na presha, ama hawakujua kuwa wanayo, ama waliacha dawa walipojisikia nafuu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya mwezi, ikianzia shilingi 20,000, na huo ni utu wa kuigwa. Hata hivyo, fedha hiyo haitoshi kumweka mtu wa kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku. Mzigo unabaki kwa mjukuu.

Na kazi yenyewe ina ufundi wake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hubadilishwa ubavu kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kiuno na visigino huchubuka na kufanya vidonda vinavyokula hadi mfupa. Uji hauwi mwepesi kama maji, kwa sababu koo lililolegea huupeleka mapafuni. Mgonjwa huketishwa wima, kidevu kikiinama kidogo, akalishwa kijiko kidogo kidogo upande wa mdomo wenye nguvu, kisha haruhusiwi kulala mara baada ya kula. Mkono uliopooza hunyooshwa na kukunjwa kila siku. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini makubwa ya kurudisha nguvu, nayo ndiyo miezi ambayo kijana bado anakasirika, simu mkononi, akiona maisha yanampita.

Ukaribu wa mjukuu na bibi huja kwa sababu ya kukaa pamoja saa nyingi, lakini pia kuna njia iliyokwisha kutengenezwa na mila. Katika jamii nyingi za Tanzania mjukuu na bibi ni watani: yeye ni mume, bibi ni mke. Mwana wa kiume kumwogesha mama yake mzazi ni jambo zito, pengine mwiko. Mjukuu ana nafasi zaidi. Bibi akigoma kuoga kwa haya, kijana huketi kando ya beseni na kumwambia kwamba mke asiyeoga atarudishwa kwao, na mdomo uliopinda hucheka. Amri za watoto wake hazifiki hapo. Bibi akipoteza usemi, mjukuu huyo huyo ndiye wa kwanza kujua sauti ipi ni kiu na ipi ni maumivu, hata daktari akalazimika kumuuliza yeye. Kijana ambaye hakuna aliyemtaka ushauri anakuwa mtu ambaye bila yeye matibabu hayaendi.

Dhuluma kwa kijana huyu huonekana baada ya mazishi ya bibi. Miaka miwili au mitatu imepita, wenzake wamejifunza ufundi, naye anarudi kijiweni mikono mitupu huku baba zake wakigawana kiwanja. Katika mirathi ya Kiislamu mjukuu ambaye baba yake yu hai hana fungu, ingawa bibi ana haki ya kumuusia sehemu isiyozidi theluthi ya mali yake. Ni wachache wanaomkumbusha bibi haki hiyo akiwa bado na akili timamu.

Kwa hiyo kikao kinachoamua nani akakae na bibi kina mambo mengine ya kuamua siku hiyo hiyo: posho ya mwezi ya kijana, siku moja ya kupumzika kila wiki, ada ya chuo cha ufundi cha VETA itakayomsubiri, na nani atampeleka akafundishwe mazoezi ya viungo kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Watoto wa kuzaa nao wapangiwe zamu za usiku, walau Jumamosi na Jumapili.