Mtafiti naye akubali kufundishwa

Wilaya za Ngara na Biharamulo zimepokea watafiti wa kila namna: wa magonjwa, wa misitu, wa wanyama na wa tabia za watu. Hatuna ugomvi na kazi yao. Hakuna mkulima ambaye angeona kwa macho matupu kwamba malale huenezwa na mbung'o. Ukweli huo ulithibitishwa na David Bruce huko Uganda mwaka 1903. Tunachokipinga ni desturi ya kumchunguza mwananchi pasipo kumwuliza anajua nini.

Ndugu zetu wa Bumbire, Ikuza na Goziba wasidhani kwamba jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Mwaka 1906, Robert Koch, mwanasayansi mashuhuri wa Kijerumani, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa ziwa letu hili, akawatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Baadhi yao walipofuka. Miaka michache baadaye watawala wa Kiingereza wakawahamisha wakazi wa visiwa hivyo. Mvuvi alihesabiwa kuwa mgonjwa au mchukuzi wa ugonjwa. Hakuhesabiwa kuwa mjuzi wa ufuko wake.

Katika miaka ya 1920 na 1930 zamu ilifika Biharamulo. Watu walioishi kwa kutawanyika waliamriwa kukusanyika katika makazi ya pamoja, na mashamba waliyoyaacha yakageuka pori. Malale ulikuwa ugonjwa wa kweli, hilo halina ubishi. Lakini pori lenye mbung'o lilitoka wapi?

Jibu lilichelewa. Mwaka 1971 John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyeutumikia utawala wa kikoloni, alichapisha kitabu juu ya nafasi ya ugonjwa huo katika mazingira ya Afrika. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu chake kuhusu jambo linalokaribiana na hilo. Wote wawili walionyesha kwamba wenyeji walikuwa wakimzuia mbung'o kwa kazi zao za kila siku: kulima, kuchunga na kuchoma nyasi kwa majira yake. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipoangamiza ng'ombe, njaa na maradhi vikafuata, mikono ya kazi ikapungua, vichaka vikarudi, na mbung'o nao wakarudi. Kwa hiyo kile kilichodharauliwa kuwa mazoea ya washenzi kilikuwa elimu, iliyofundishwa shambani na malishoni, mkubwa akitenda na mdogo akitazama.

Kosa la kuhukumu tabia ya mtu bila kutazama kazi na mazingira yake halikwisha na ukoloni. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Miti ilifyekwa kandokando ya kambi. Wako waliosema kwamba mkimbizi kwa asili yake ni mharibifu. La hasha! Mkimbizi alipewa maharage na mahindi, navyo haviliwi vibichi. Yeyote kati yetu angeshika panga.

Leo sehemu ya mapori ya Biharamulo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Watafiti wataendelea kuja, na maamuzi juu ya malisho, kuni na uvuvi yatatokana na maandishi yao. Hivyo tunatoa rai kwa viongozi wa mkoa na wilaya. Kwanza, mtafiti akae na mkulima, mfugaji au mvuvi akiwa kazini, si kumwita ofisini kujaza karatasi. Pili, matokeo yasiishie Dar es Salaam au ng'ambo. Yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, na wanakijiji wapewe nafasi ya kuyasahihisha. Tatu, bwana shamba na bwana mifugo wanaopangiwa kituo kipya wajifunze kwanza kwa wenyeji ndipo waanze kufundisha.

Wananchi nao wana wajibu wao. Si kila lililorithiwa ni sahihi, na anayetaka kusikilizwa na sayansi hana budi kuisikiliza. Lakini mwenye kalamu ndiye mwenye nguvu, na yeye ndiye anayepaswa kuanza. Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.