Mpindo mmoja watosha

Wahenga walinena kwamba mtaka yote hukosa yote. Sidhani kama kuna mahali ambapo neno hili hudhihirika upesi kama katika mchezo wa gofu, hasa mchezaji anapoishika draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote mfukoni, na kusimama mahali pa kuanzia huku wenzake wakimtazama.

Mchezo huu si tena wa mabwana wachache. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na tangu mwaka 2019 yamo katika ziara kuu ya Ulaya. Siku hizi viwanjani utawakuta walimu, makarani, wafanyabiashara wadogo, na vijana walioingia kwanza kwa kubeba mifuko ya wengine na sasa wanatafuta riziki kwa fimbo zao wenyewe. Ni hao ninaowahofia. Wengi wao hupoteza fedha na miaka wakiutafuta mpira ulionyooka, au wakijaribu kuimiliki mikwaju ya kila aina. Maoni yangu ni kwamba mchezaji wa kawaida na achague mpindo mmoja tu wa kuutegemea, na mpindo huo uwe ule ambao mwili wake unaujua tayari.

Kwanza tuufahamu ukweli wenyewe. Mpira wa gofu hauendi moja kwa moja ila kwa nadra. Mambo mawili hukutana kwa kitambo kifupi mno fimbo inapougusa mpira: uso wa fimbo unatazama wapi, na fimbo yenyewe inapita njia ipi. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba mpira huanza kwa kuifuata njia ya fimbo, kisha huelekea kule unakotazama uso. Vyombo vya rada vilivyoenea katika miaka ya 2000 vilionyesha kinyume chake: mpira uliogongwa katikati ya uso huanza, kwa sehemu kubwa, kuelekea unakotazama uso huo, kisha hupinda na kuiacha njia ya fimbo. Draiva nayo, kwa kuwa uso wake umelala kwa nyuzi kumi hivi tu, huligeuza kosa dogo kuwa mpindo mkubwa. Ndiyo maana mtu apigaye vizuri kwa fimbo fupi hutaabika aishikapo hii ndefu.

Kwa mchezaji atumiaye mkono wa kulia, mpira upindao kidogo kwenda kulia huitwa fedi, na upindao kidogo kwenda kushoto huitwa droo. Ukizidi, wa kulia huwa slaisi na wa kushoto huwa huki. Mimi, kwa kuwa isimu ndiyo kazi yangu, nastaajabu kwamba tumekubali kusema “droo”, neno ambalo kwa Mswahili ni mtoto wa meza au mechi isiyo na mshindi. Tukisema mpindo wa kulia na mpindo wa kushoto, kijana abebaye mfuko atatuelewa mara moja, na pengine atatufunza, maana yeye ndiye aonaye mikwaju yetu yote na kuikumbuka.

Je, upi ulio bora? Historia ya mchezo haimpendelei yeyote. Jack Nicklaus wa Marekani, aliyetwaa mataji makuu 18 kati ya mwaka 1962 na 1986, aliutegemea zaidi mpindo wa kulia. Bobby Locke wa Afrika Kusini aliupindisha mpira kushoto karibu kila mara, na akashinda Open ya Uingereza mara nne: 1949, 1950, 1952 na 1957. Mabingwa hawa walipingana katika upande, lakini walikubaliana katika jambo moja: kila mmoja aliijua safari ya mpira wake kabla haujaondoka.

Faida ya kujua huko ni ya hesabu tupu. Chukua njia ya nyasi fupi yenye upana wa mita 30. Mchezaji asiyejua mpira wake utakwenda wapi hulenga katikati, na kila upande ana mita 15 tu za kukosea. Lakini ajuaye kwamba mpira wake hupinda kulia daima, huuanzisha kwenye ukingo wa kushoto na kuuacha urudi ndani. Huyo ana mita zote 30. Na apelekaye mpira nje ya mpaka wa uwanja huongezewa pigo moja, kisha hurudi kupiga tena pale pale alipoanzia. Kwa kijana anayetafuta riziki, makosa mawili ya namna hiyo ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani na kitu na kurudi mikono mitupu.

Nimezaliwa Chundwa, kisiwani Pate. Kwetu hakuna uwanja wa gofu, lakini hoja hii yafahamika vyema, kwani ni hoja ya chombo na upepo. Upepo ukikaa ubavuni, mashua haiendi pale omo inapotazama. Husogea upande wa demani. Nahodha hapotezi siku akipigana na tabia hiyo. Huielekeza omo juu kidogo, upande wa joshi unakotoka upepo, na chombo hufika gatini kana kwamba kilinyooka. Nahodha hatari ni yule asiyejua chombo chake husogea kiasi gani.

Somo la pili latoka katika lugha. Watu wa Chundwa husema Kitikuu. Mtoto wa kwetu aendapo shuleni hukisoma Kiswahili sanifu, akajifunza kusema “moja” badala ya “moya”, na ni vyema ajifunze. Lakini mshtue, mkasirishe, au mpe habari ya msiba, na ulimi wake utarejea ulikozaliwa. Tena sisi wanaisimu twamjua vizuri yule mwenye kuionea haya lahaja yake: huogopa kukosea hata akasahihisha yasiyokuwa makosa. Mwili nao una lahaja. Mkwaju wa kuazima, uliouona kwa bingwa katika televisheni, utakutii asubuhi ya mazoezi. Katika shimo la mwisho, moyo ukidunda, mkono utasema lahaja yake. Kwa hiyo usichague mkwaju unaokusifu. Chagua ule unaobaki nawe ukiwa na hofu.

Namna ya kuuchagua si ngumu. Piga mipira 30 kwa draiva bila kujirekebisha, na mwenzako aandike kila mmoja ulikoangukia. Usiuhesabu ule mzuri kuliko yote. Tazama ulio mwingi, kisha tazama ulio mbaya kupita yote. Mpindo wako ni ule urudiao mara nyingi, na ambao ubaya wake bado wakuacha mchezoni. Kazi ya mwalimu ni kuupunguza uwe wa kiasi, si kuung’oa.

Hapa pwani hapana budi kuongeza hadhari moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mpira huruka mbali huku ukipinda kidogo. Mchezaji huyo huyo akishuka Nyali wakati wa kusi, ataona mpindo wake umenenepa, na upepo ukiuunga mkono utaupeleka asikotaka. Dawa yake si kuubadili mkwaju, bali kubadili mahali pa kulenga.

Najua nitapingwa. Wapo watakaonikumbusha Seve Ballesteros, mshindi wa Kenya Open mwaka 1978, aliyekuwa na mkwaju kwa kila shida. Ni kweli. Mwaka uliofuata, katika Open ya Uingereza, draiva yake iliupeleka mpira penye maegesho ya magari, naye bado akatwaa taji. Lakini ni wangapi kati yetu wenye mikono ya kujiokoa kutoka huko? Wengine watauliza: shimo likipinda upande usio wangu, nifanyeje? Irudishe draiva mfukoni, utoe fimbo fupi zaidi. Kupoteza mita 20 si aibu.

Ninawaomba basi walimu wa viwanja vyetu wasimpe kijana orodha ya mikwaju kabla hajaujua wake. Wamwulize kwanza, kwa Kiswahili anachokifahamu: mpira wako hupenda kwenda wapi? Akiweza kujibu kwa yakini, nusu ya kazi imekwisha. Asiyeweza kujibu, hata ukimnunulia draiva ya thamani kubwa, utakuwa umempa njia ghali zaidi ya kupotea.