Kompyuta Ikikosa Anwani, Uchunguzi Utangulie

Kila kompyuta iliyounganishwa na mtandao haina budi kuwa na anwani, yaani namba inayoitambulisha ili habari zipate kuifikia. Anwani hizo zaweza kuandikwa kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Lakini tangu mwaka 1993 upo utaratibu wa kuzigawa bila mkono wa mtu, ujulikanao kwa herufi DHCP, ambao kanuni zake ziliandikwa upya mwaka 1997. Utaratibu huo unapokwama, maabara nzima ya kompyuta shuleni husimama. Hapo ndipo wengi hukimbilia dawa mbili: kuuzima ukuta wa ulinzi, uitwao na mafundi faewoli, au kuziandikia mashine zote anwani za kubuni. Dawa hizo hazifai, na shule hazina sababu ya kuzifundisha.

Ubaya wake ni dhahiri. Katika mitandao mingi midogo, ukuta huo huo ndio mgawaji wa anwani. Kuuzima ni kumfukuza karani ambaye barua yake inasubiriwa. Nazo anwani za kubuni huzaa mgongano: mashine mbili zikijikuta na namba moja, mawasiliano ya zote mbili huyumba, na kosa la pili hulificha la kwanza.

Ugawaji hukamilika kwa jumbe nne. Kompyuta hutangaza kwamba inatafuta mgawaji. Mgawaji huahidi anwani. Kompyuta huiomba rasmi. Kisha mgawaji huithibitisha kwa muda maalumu. Mgawaji husikiliza katika mlango namba 67, na kompyuta katika mlango namba 68. Isipojibiwa, aghalabu kompyuta hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Namba hiyo ni ushahidi: mashine i hai, imeita, wala haikupata anwani. Kinachobaki ni kuuliza ni ujumbe upi uliopotea, na umepotelea wapi.

Jaribio moja hupunguza mashaka mengi. Kompyuta moja ipewe kwa mkono, kwa muda tu, anwani halali isiyotumiwa, kisha ijaribu kuwasiliana na ukuta ulioruhusiwa kujibu. Ikishindwa, njia ndiyo ya kushukiwa kwanza: waya, au swichi. Swichi yaweza kuyagawa matundu yake katika makundi yaliyotengwa, na tangazo la kundi la 20 halivuki kwenda kundi la 10 pasipo msaidizi aliyewekwa makusudi kulipeleka. Tundu linaloelekea kwenye ukuta lisiporuhusiwa kubeba kundi linalohusika, wito hufia njiani.

Ikifaulu, uchunguzi uhamie kwa mgawaji. Huenda huduma haikuwashwa; huenda sheria za ukuta zimeizuia milango 67 na 68; au anwani 50 zilizotengwa zimekwisha kwa kuchukuliwa na simu za wageni. Hata hivyo, swichi haijatoka hatiani kabisa. Baadhi ya swichi huwa na kinga inayozuia majibu ya ugawaji yatokayo katika tundu lisiloaminiwa, huku mawasiliano mengine yakipita. Nyingine, katika kuhakikisha kwamba njia hazizunguki, hulichelewesha tundu jipya kwa sekunde 30, na kompyuta hukata tamaa mapema.

Yawezekana kusemwa kwamba mwalimu mwenye darasa linalosubiri hana nafasi ya uchunguzi wa namna hiyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini jaribio lililotajwa ni la dakika chache. Abadilishaye mambo matano kwa mara moja, hata akifanikiwa, hajui lipi limeponya. Tatizo likirudi, kazi huanza upya.

Katika masomo ya fizikia, mwanafunzi hufundishwa kubadili jambo moja, kupima, na kuandika matokeo. Mtandao wa shule wastahili nidhamu hiyo hiyo. Mwalimu achore ubaoni njia ya zile jumbe nne, na kabla ya waya wowote kuguswa, wanafunzi waseme ni ushahidi gani utakaoikanusha dhana yao. Watakaozoea kuuliza hivyo watazitengeneza hata mashine ambazo bado hazijabuniwa. Watakaozoea kuzima na kuwasha watabaki wakibahatisha.